Mwongozo Kamili wa Kuchagua Mashogi ya Baiskeli Yatakayodumu Kazini na Safarini

Watu wa Lamu wana neno ambalo sisi waendesha baiskeli tumelisahau, nalo ni shogi. Shogi ni mfuko mkubwa wa ukili unaopitishwa juu ya mgongo wa punda ili mzigo wa mchanga au mawe ukae pande zote mbili na mnyama atembee bila kuyumba. Mifuko inayoning'inizwa pande mbili za keria ya baiskeli hufanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo katika mwongozo huu nitaiita mashogi.

Ninaandika kama mtu anayetoka Tegeta kwenda Posta, jijini Dar es Salaam, kwa baiskeli siku tano kwa wiki, na ambaye kila mwaka hufunga safari moja ndefu, mara nyingi ya kuelekea Tanga au milima ya Usambara. Nimetumia jozi nne za mashogi. Tatu zimekwisha kufa, na hakuna hata moja iliyokufa kwa sababu kitambaa kilichakaa. Ya kwanza ilikatika kulabu, ya pili ilichanika pale kulabu zilipofungwa kwenye mfuko, na ya tatu iliharibika zipu kwa vumbi hadi ikawa haifungiki tena. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na keria na kulabu kabla ya kufika kwenye kitambaa, ingawa najua kwamba dukani watu wengi huanza kwa kupapasa kitambaa na kuangalia rangi.

Nieleze vizuri lile tukio la kulabu, kwa maana ndilo lililonifundisha zaidi. Karibu na Mkata, katika barabara ya Chalinze kwenda Segera, niliingia kwenye rasta zinazotangulia tuta nikiwa nimeachia mteremko. Kulabu ya plastiki ya upande wa kushoto ilikatika palepale ilipopinda, shogi likabaki linaning'inia kwa kulabu moja, kona yake ya chini ikaingia kwenye gurudumu la nyuma, na spoku tatu zikakatika kabla sijasimama. Fundi pancha aliyekuwa chini ya mwembe alikata fito ya madigadi, akaikunja kwa koleo mpaka ikawa ndoano, akaipitisha kwenye tundu la skrubu ya kulabu iliyovunjika, kisha akaizungushia mpira wa tyubu. Ndoano ile ilifika Lushoto na kurudi. Tangu siku hiyo, ninaposhika shogi jipya mkononi, jambo la kwanza ninalojiuliza ni hili: kitu hiki kikikatika Mkata, kitatengenezwa na nani, na kwa kutumia nini?

Hatua ya kwanza: Pima mzigo wako kabla ya kwenda dukani

Kusanya sakafuni vitu vyote unavyobeba kwa kweli, siyo vile unavyofikiri utabeba, kisha vitie kwenye gunia au begi na uvitundike kwenye mizani ya kuning'iniza, ile inayotumiwa sokoni. Mfanyakazi wa ofisini mwenye kompyuta mpakato na chaja yake, nguo za kubadilisha, viatu, chakula cha mchana, koti la mvua na pampu, kwa kawaida hubeba kati ya kilo 6 na 8. Msafiri anayelala nyumba za wageni anaweza kujitosheleza kwa kilo 10 au 12, na yule anayebeba hema, jiko na maji ya akiba hufika kwa urahisi kilo 18 au zaidi.

Ukubwa wa mashogi hutajwa kwa lita, na mara nyingi huandikwa kwa jozi. Jozi ya nyuma ya kawaida ina lita 40, maana yake kila upande unameza kiasi cha ndoo moja ya lita 20, na ndoo hiyo kila mtu anaijua. Kwa kwenda kazini, shogi moja la ukubwa huo linatosha, na uzito wa kilo 6 au 7 ukiwa upande mmoja hautakusumbua baada ya siku mbili tatu za kuzoea. Kwa safari, jozi moja ya nyuma yenye lita 40 inamtosha asiyelala porini. Anayepiga kambi huongeza jozi ndogo ya mbele yenye lita 25 hadi 30. Ninakushauri usinunue kubwa kuliko unavyohitaji, kwa kuwa nafasi tupu hujazwa, na kila kilo unayoiongeza hugonga kulabu zilezile kwenye kila tuta.

Hatua ya pili: Kagua keria, kwa maana shogi haliwezi kuwa imara kuliko kinacholibeba

Baiskeli nyingi za mtumba zinazoingia kwetu huja na keria za alumini, na nyingi za kisasa zimechapishwa uzito unaoruhusiwa, mara nyingi kilo 25. Namba hiyo inahusu kila kitu kilicho juu ya keria, pamoja na uzito wa mashogi yenyewe, na iliwekwa na watu waliofikiria barabara ya lami iliyotulia. Kwenye barabara zetu, mimi huchukulia theluthi mbili tu ya namba iliyoandikwa.

Alumini ni nyepesi na haishiki kutu, jambo ambalo kwa mtu wa pwani ni faida kubwa, lakini inapopasuka huwezi kuichomelea kwa fundi wa kawaida wa barabarani. Keria ya chuma ni nzito kidogo, hushika kutu rangi ikibanduka, ila fundi yeyote mwenye mtungi wa gesi anaweza kuiunga. Kampuni ya Tubus ya Ujerumani hutengeneza keria za mabomba membamba ya chuma yenye kipenyo cha milimita 10, na ile inayoitwa Cargo imeruhusiwa kubeba kilo 40. Wasafiri wengi wa masafa marefu huipenda kwa sababu hiyo. Lakini msidharau keria za mafundi wetu. Baiskeli zinazoingiza magunia ya mkaa mjini hubebea keria zilizochomelewa kwa nondo, na hakuna keria ya kiwandani ninayoijua ambayo ingevumilia kazi ile kwa mwezi mmoja. Tatizo la keria za nondo na zile pana za baiskeli za Phoenix ni unene wa fito zake na jinsi zilivyopinda, kwa kuwa kulabu za mashogi ya kiwandani zimetengenezwa kwa mabomba ya duara yenye kipenyo cha milimita 8 hadi 16. Chukua uzi, uzungushe kwenye fito ya keria, pima urefu wake kwa rula na ugawanye kwa 3.14. Andika namba hiyo kwenye simu yako, kwa sababu muuzaji hataijua.

Angalia pia bolti zinazoshika keria kwenye fremu. Nyingi ni za milimita 5, zinazofunguliwa kwa alenki namba 4, na hulegea kwa mtikisiko hadi siku moja unazikuta hazipo. Weka nati zenye duara la nailoni ndani mahali panaporuhusu, na pasiporuhusu, paka gundi ya nyuzi za bolti. Bolti mbili za akiba zikae kwenye mkoba wa zana siku zote.

Kipimo cha mwisho katika hatua hii ni kisigino. Tafuta boksi la karatasi lenye kimo cha sentimita 40, upana wa sentimita 30 na unene wa sentimita 17, lifunge kwa mipira pembeni mwa keria kama vile ndilo shogi, vaa viatu unavyoendeshea, kisha mtu mwingine aishike baiskeli nawe uzungushe pedali kwa nyuma. Kisigino kikigusa boksi, una mambo mawili ya kufanya: ulisogeze boksi nyuma hadi liache kugusa na uone kama katikati yake bado ipo karibu na habu ya gurudumu, au utafute mashogi yaliyokatwa mshazari kwenye kona ya mbele ya chini. Baiskeli fupi za michezo hushindwa kipimo hiki mara nyingi, ilhali zile ndefu za kazi, ambazo kutoka mhimili wa pedali hadi habu ya nyuma kuna sentimita 45 au zaidi, hufaulu bila shida. Shogi lililosogezwa nyuma kupita kiasi huifanya baiskeli itikise mkia wakati wa kuteremka, na mteremko wa kutoka Lushoto hadi Mombo si mahali pa kuligundua jambo hilo.

Hatua ya tatu: Chunguza kulabu kama unavyochunguza breki

Ukifika dukani, geuza shogi uliangalie mgongo wake. Utaona vitu vinne: kulabu mbili za juu, ubao wa nyuma zinapofungwa, kishikio cha chini, na skrubu au ribiti zinazounganisha yote hayo.

Kulabu za bei rahisi ni ndoano zilizo wazi upande wa chini, zinazokaa juu ya fito kwa uzito wa mzigo tu, na chini yake kuna mkanda wa kuvutika wenye ndoano ndogo. Baiskeli inaporuka, ndoano hizo huruka pamoja nayo, na mkanda ukiwa umechoka, shogi hutoka. Kulabu nzuri zina komeo: ukivuta mpini wa juu, ulimi unafunguka, ukiachia, unajifunga chini ya fito na kuizunguka, kiasi kwamba shogi haliwezi kuruka hata baiskeli ikipinduliwa. Mfumo huu umeenezwa zaidi na Ortlieb ya Ujerumani, na katika aina zao nyingi kulabu zimefungwa kwa skrubu, zinasogezwa kushoto na kulia, na zinauzwa peke yake zikiharibika. Arkel ya Kanada imekwenda njia nyingine na kutumia kulabu za alumini, ambazo mimi binafsi naziamini zaidi kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo, ingawa ni nzito.

Shika kulabu kati ya vidole na uitikise. Ikiwa ina mchezo wa hata milimita mbili juu ya fito, jua kwamba mchezo huo utageuka tupa: kwa kila kilomita kulabu itakuwa inasaga rangi ya keria, chuma kitabaki wazi, na hewa ya chumvi ya pwani itamalizia kazi. Mashogi mazuri huja na vipande vya plastiki vya kupunguza nafasi, vya mabomba ya milimita 8, 10 au 12. Kama havikuja, kata kipande cha tyubu ya zamani chenye upana wa sentimita mbili, kizungushe mara mbili kwenye fito mahali kulabu inapokaa, na ukishike kwa gundi ya pancha. Kelele zitakwisha siku hiyohiyo, na keria yako itaongezewa miaka.

Sasa angalia jinsi kulabu zilivyounganishwa na mfuko. Ikiwa ribiti zimepigwa moja kwa moja kwenye kitambaa, rudisha shogi hilo kwenye rafu. Uzito wote unaning'inia kwenye matundu madogo manne, na kitambaa huanza kuchanika hapo kama karatasi iliyotobolewa. Hivyo ndivyo ilivyokufa jozi yangu ya pili. Panatakiwa pawe na ubao mgumu wa plastiki au bapa la alumini linalokwenda upana mzima wa mgongo, na bolti zipite kwenye ubao, kitambaa na washa pana ya upande wa ndani. Skrubu ni bora kuliko ribiti kwa sababu moja tu, na sababu hiyo inatosha: skrubu hufunguliwa kwa bisibisi, ribiti inahitaji drili.

Kishikio cha chini kina kazi ya kuzuia shogi lisipepee kuelekea nje au kuingia kwenye spoku. Kiwe kinaweza kusogezwa, na kinapofungwa kiwe nyuma ya mguu wa keria, siyo hewani.

Hatua ya nne: Kitambaa

Uzito wa nyuzi hutajwa kwa denia, ambayo ni gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Nailoni ya denia 1,000, kama ile iitwayo Cordura, haichaniki kwa urahisi hata ukiliburuta shogi kwenye saruji, na ikichanika fundi viatu yeyote anaishona kwa sindano yake na uzi wa nailoni. Udhaifu wake ni maji: yenyewe huyazuia kwa muda tu, na mipako ya ndani hubanduka baada ya miaka kadhaa. Jua nalo huila nailoni polepole, rangi ikififia ujue na nguvu inapungua.

Poliesta iliyopakwa PVC ni ndugu wa turubai la lori, na undugu huo si wa mfano tu. Hartmut Ortlieb, kijana Mjerumani aliyekuwa amenyeshewa vya kutosha katika safari ya baiskeli huko Uingereza, alitazama malori yakipita na mizigo yao mikavu chini ya maturubai, akarudi nyumbani na kushona mifuko yake ya kwanza kwa kitambaa hicho. Kampuni yake ilianza mwaka 1982. Mwaka 1993, ndugu wawili wa Zürich, Markus na Daniel Freitag, walianza kushona mabegi ya waendesha baiskeli kwa maturubai yaliyokwisha kutumika kwenye malori. Ninayataja haya kwa sababu maturubai ya aina hiyo yanapita mbele ya macho yetu kila siku, na nitalirudia jambo hilo hapa chini. PVC haipitishi maji kabisa na hufutwa kwa kitambaa chenye maji ikichafuka. Kasoro yake ni kwamba kitu chenye ncha kikiitoboa huwezi kuiziba kwa kiraka cha pancha, kwani gundi ya mpira haishiki vizuri kwenye PVC. Inahitaji gundi yake maalumu, au fundi turubai anayeunga kwa hewa ya moto.

Ipo pia pamba nzito iliyopakwa nta, ambayo Carradice ya Nelson, Uingereza, imekuwa ikiitumia tangu miaka ya 1930. Nyuzi zake huvimba zikilowa na kuyazuia maji. Inadumu sana, inashoneka popote, ila kwenye joto la Dar es Salaam nta hulainika na kunata vumbi, na ikifungiwa ndani ikiwa na unyevu huota ukungu. Mtu wa Nairobi, Njombe au Kigali ataifurahia kuliko mimi.

Kwa anayeendesha kila siku katika masika na vuli, chaguo langu ni PVC. Kwa anayeelekea bara, mbali na maduka, ningesema Cordura pamoja na mifuko mikavu ya ndani.

Hatua ya tano: Mdomo na mishono

Kila tundu la sindano ni njia ya maji. Mashogi yanayozuia mvua kikamilifu huungwa kwa joto pasipo kushonwa, na mdomo wake hukunjwa mara tatu au nne kabla ya kufungwa kwa kifungo cha kubana. Mara tatu si pambo: mkunjo mmoja hupitisha maji, na usipoacha nafasi ya mikunjo mitatu, umejaza kupita kiasi. Baadhi ya watengenezaji huandika alama ya IP64, ambapo 6 ina maana kwamba vumbi haliingii na 4 ina maana kwamba maji yanayorushwa kutoka upande wowote hayaingii. Haina maana kwamba unaweza kulizamisha shogi kwenye dimbwi la Jangwani.

Zipu iwe kwenye mfuko mdogo wa nje tu. Vumbi la udongo mwekundu likichanganyika na mafuta ya mkono huwa kama msasa kati ya meno ya zipu.

Hatua ya sita: Jaribu kwa madumu kabla ya kulipa

Muuzaji anayejiamini hatakukatalia. Nenda na baiskeli yako na madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa maji, ambayo kwa pamoja yana uzito wa takriban kilo 10. Yatie kwenye shogi, lining'inize kwenye keria, kisha inua gurudumu la nyuma kimo cha sentimita 20 na uliachie lianguke, mara kumi. Chuchumaa na uangalie kulabu: zimesogea? Ubao wa nyuma umepinda katikati? Kona ya chini imeelekea kwenye spoku? Sukuma shogi kwa goti kutoka nje. Likigusa spoku ukiwa umesimama, litagusa zaidi ukiwa mbioni. Mwisho, litoe na kulirudisha kwa mkono mmoja, ukiwa umefumba macho. Siku ya mvua, getini pa ofisi, utalifanya hivyo karibu bila kuangalia.

Ukifika nyumbani, tia magazeti makavu ndani, funga mdomo, na ulimwagie maji ya ndoo kutoka pande zote kwa dakika tano. Magazeti yakilowa, rudisha shogi hilo kesho yake.

Hatua ya saba: Kushonesha kwa fundi turubai

Bei ya jozi mpya kutoka Ulaya mara nyingi hukaribia bei ya baiskeli nzuri ya mtumba, na wengi wetu hatuwezi au hatuoni sababu ya kulipa kiasi hicho. Jozi yangu ya nne, ambayo ndiyo ninayoitumia hadi leo, ilishonwa na fundi anayetengeneza maturubai ya malori. Nitaeleza vipimo vyake ili uvipeleke kwa fundi wako.

Kila shogi lina kimo cha sentimita 40 mdomo ukishakunjwa, kwa hiyo turubai likatwe likiwa na sentimita 20 za ziada juu. Upana ni sentimita 32 juu na 23 chini, na upungufu huo wote utolewe upande wa mbele ili kisigino kipite. Unene ni sentimita 17. Kwa vipimo hivyo unapata kati ya lita 18 na 19. Mwambie fundi mshono wa chini usiwepo kabisa: kipande kimoja kitoke mgongoni, kipite chini na kupanda mbele, na mishono iwe ya pembeni tu, iliyokunjwa mara mbili na kupakwa gundi ya PVC kwa ndani. Chini, mahali panapoguswa na ardhi kila unaposhusha mzigo, aongeze tabaka la pili.

Ubao wa mgongoni nilikata kwenye pipa la plastiki lililopasuka, wenye unene wa milimita 4. Plastiki ya pipa ni ngumu, haivunjiki kwa baridi wala joto, na haioti kutu. Kulabu zilitengenezwa na fundi wa kuchomelea kwa bapa la chuma lenye upana wa milimita 25 na unene wa 3, lililokunjwa kuzunguka bomba la milimita 10 na kuvishwa mpira wa tyubu ndani. Zimefungwa kwa bolti za milimita 5 na washa pana, zikiwa zimeachana kwa sentimita 19. Kwa kuwa hazina komeo, kila shogi lina mkanda wa tyubu wenye pete, unaovutwa kwa nguvu hadi kwenye ndoano iliyochomelewa chini ya mguu wa keria. Mkanda huo hukatika baada ya miezi minane au tisa, na kuubadilisha ni kazi ya dakika kumi. Hakuna kitu hata kimoja katika mashogi haya ambacho fundi wa Mkata asingeweza kukitengeneza.

Asiyetaka kushonesha anaweza kutumia ndoo mbili za mraba zenye mifuniko, zikafungwa bapa mgongoni kwa njia ileile. Hazipendezi sana ofisini, lakini hazipitishi tone, na jioni kambini zinakuwa viti.

Mambo ya kuangalia kwa wa mjini na kwa msafiri

Wa mjini aweke kompyuta kwenye mfuko wake wenye sifongo, uning'inie juu bila kugusa chini ya shogi, kwa maana pigo la tuta hutokea chini. Shogi la kazini liwe la upande wa kushoto, mbali na magari yanayokupita kulia, na liwe na kiakisi mwanga kikubwa mgongoni. Usiliache kwenye baiskeli hata kwa dakika mbili za kununua vocha; ule ule wepesi wa kulitoa unaoufurahia wewe unamfaa na mwingine.

Msafiri apange vitu vizito chini na karibu na gurudumu, kisha apime kila shogi kwa mizani ile ya mwanzo. Tofauti kati ya kushoto na kulia isizidi kilo moja. Ukiwa na jozi ya mbele, iweke chini, usawa wa habu, na uipe kiasi cha theluthi moja hadi sehemu mbili kati ya tano za mzigo wote. Kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto, takriban kilomita 30 za kona, gurudumu la mbele lisilo na uzito huelea na usukani hukosa utulivu. Unapopakia baiskeli kwenye basi, toa mashogi yote na uingie nayo ndani, kwa sababu kulabu nyingi huvunjikia kwenye buti.

Kuyatunza

Kila Jumapili jioni mimi hufuta fito za keria na ndani ya kulabu kwa kitambaa chenye maji, hukaza bolti zote, na kupitisha kidole kwenye mzingo wa kila kulabu kutafuta ufa mwembamba kama unywele, ambao huanza upande wa ndani. Baada ya safari ya ufukweni au kuvuka kwa kivuko cha Kigamboni siku ya mawimbi, ninasuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mashogi hukaushwa kivulini yakiwa wazi, kamwe si juu ya bati. Katika mkoba wa zana, pamoja na vya pancha, hukaa bolti mbili na nati zake, washa pana nne, kipande cha turubai chenye ukubwa wa kiganja, kichupa cha gundi ya PVC, mita mbili za mpira wa tyubu, na kulabu moja ya akiba iliyokwisha kukunjwa kwa kipimo cha keria yangu.